Karatasi ya Polisi Tuliyopewa Kinoo

Nyinyi vijana mnaotoka kwaya na kupita hapa kwangu mkinong'ona, nawasikia. Mnataka kujua ilikuwaje bibi wa watu akasimama kortini Nairobi, katika nchi isiyo yake, akasema mambo ambayo yamefika sokoni Shirati kabla ya yeye mwenyewe kufika. Haya. Nimeandika. Anayejua kusoma awasomee wasiojua, na baada ya hapo sitaki kuulizwa tena njiani nikiwa na mtungi kichwani. Habari za kutafuta ruhusa na vibali vya safari siandiki, hazina faida kwenu.

Jambo moja mlijue kwanza, maana wengine mmezaliwa juzi na mnadhani heshima ni kuvua kofia. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai pamoja. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na wakiwa na neno hulipitisha kwa mtu mwingine hata kama wote wawili wanasikia. Jina lake sijalitamka tangu siku alipoleta ng'ombe, na hapa pia silitaji. Ni mume wa binti yangu Rispa, dereva wa lori la tajiri mmoja wa Musoma. Halewi, hapayuki, hapigi mke. Hilo naliandika mapema kwa sababu mbele nitamsema vibaya.

Shirati hadi Kericho

Mwanangu Samweli ni mpishi wa Wazungu Loresho, huko nje kidogo ya Nairobi, na mkewe Dina alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Nilitaka nimshike mjukuu kabla hajaanza kutembea. Lori la mkwe wangu lilikuwa linapeleka samaki wakavu Nairobi, basi ikaonekana niende nalo.

Mimi nilisema nitapanda juu, nyuma, kwenye magunia. Shemeji yangu Yosia, mdogo wa marehemu mume wangu, akakataa kabisa. Alisema mjane wa kaka yake hawezi kuingia nchi ya watu amekalia samaki kama gunia la saba. Yeye mwenyewe alikuwa anakwenda Nakuru kumwona mwanawe anayefanya kazi reli, kwa hiyo angekaa mbele pamoja nasi, katikati, awe ukuta. Nikakubali. Hapo ndipo kosa la kwanza, na lilikuwa langu.

Njia ya kwanza haikuwa na shida. Nikitaka maji, namwambia Yosia, Yosia anamwambia mkwe, lori linasimama. Mkwe akitaka kujua kama jua linaniumiza, anamwuliza Yosia, Yosia ananiuliza mimi. Mtu asiyejua angedhani tumekaa viziwi wawili na mkalimani wao. Kisii tulinunua ndizi, na Yosia akala nyingi mno, tukasimama kwa ajili yake mara tatu kabla ya Sotik, wala hakuona haya. Karibu na Sotik gurudumu likapasuka. Tulikaa hapo kutwa, kwenye nyasi, mkwe akiwa upande mmoja wa lori anafunga na kufungua, mimi upande wa pili nimegeukia majani ya chai. Kericho tulilala kwa watu wa kanisa. Walitupa ugali wa wimbi na mboga chungu, wakatuombea usingizi, tukalala.

Nakuru hadi Limuru

Nakuru tulifika asubuhi. Mke wa mtoto wa Yosia alitupikia chai ya maziwa matupu, akanimiminia kikombe kikubwa cha bati, nikanywa, akanimiminia cha pili, nikanywa, maana kukataa chai ya mwanamke aliyekupokea ni kumtukana. Mkwe alikunywa maji tu, akiwa nje, nyuma ya nyumba.

Halafu Yosia akachukua mkoba wake, akateremka, amefika. Nikamwuliza, na sisi tunakwendaje? Akatazama lori, akanitazama, akachukua kikapu changu chenye kuku niliyekuwa nampelekea Dina, akakiweka pale alipokuwa amekaa yeye.

"Kuanzia hapa kuku huyu ndiye Yosia," akasema, akacheka peke yake mpaka akakohoa.

Mimi sikucheka. Nilipanda nikajibanza mlangoni, mkwe akajibanza mlango wake, katikati yetu kuku.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kila kitu kilianzia hapa. Vikombe viwili vya chai havikai mahali pamoja. Tulipofika Naivasha nilikuwa nahitaji kuteremka. Nimwambie nani? Yosia yuko Nakuru anakula. Na hata Yosia angekuwepo, neno kama hilo unalizungusha, unasema nataka kunyoosha miguu, unasema naona ua zuri pale. Nikafikiri, nitafanya kama wanavyofanya wazee wetu, nitasema na kitu kingine naye atasikia. Nikamgeukia kuku.

"Kuku wangu," nikasema, "naona umechoka. Safari hii ni ndefu kwako."

Mkwe alisikia. Nilijua amesikia kwa sababu lori lilipiga kelele na miti ikaanza kupita haraka. Nikangoja. Nikasema tena, kwamba kuku huyu hawezi kuvumilia zaidi, kwamba miguu ya kuku imekufa ganzi. Lori likaongeza. Kila nilipomwonea kuku huruma, yule mtu alikanyaga mafuta. Yeye, kama alivyokuja kumwambia Samweli baadaye, alielewa kwamba mifupa ya mama yake mkwe inauma na anataka kufika kwa mwanawe upesi. Isitoshe yeye mwenyewe hakuwa ametia chakula mdomoni tangu Kericho, kwa kuwa hawezi kutafuna nikiwa hapo, na yeye pia alikuwa na haja zake, na hawezi kusimamisha lori akaenda kichakani mama mkwe amekaa kwenye kioo. Basi tulikuwa watu wawili wazima tunaoteseka kwa jambo moja, tunakimbizana nalo, na aliyekuwa anaambiwa habari ni kuku.

Pale njia inapopanda ukingo wa bonde lori lilikwenda taratibu kwa kuwa mlima haumjali mtu. Nilifikiri atasimama juu apooze injini. Hakusimama. Limuru kulikuwa na ukungu na baridi. Mwenye shida kama yangu anajua baridi hufanya nini.

Kinoo

Kutoka Limuru njia inateremka. Lori liliteremka kama limekatwa kamba. Sijui namba za spidi, na hata ningejua nisingeweza kutazama upande ule. Nilichoona ni nyua za mashamba ya kahawa zinapita kama zimeshonwa pamoja.

Kinoo, polisi walikuwa wameweka mtego. Askari mmoja juu njiani na kioo, mwingine chini na saa, na katikati wamepima urefu. Ukipita wa juu anamulika, wa chini anahesabu. Tukasimamishwa. Akaja inspekta Mzungu, kijana mwekundu, marinda ya kaptura yamepigwa pasi mpaka yanasimama. Akasema tumekwenda maili arobaini na tano mahali ambapo lori haliruhusiwi kupita thelathini. Mkwe akateremka, akasimama mbele ya lori, akavua kofia. Hakukana. Alisema ndiyo bwana.

Ingeishia hapo tungelipa tukaenda. Lakini yule inspekta akaja mlangoni kwangu, akanitazama, akasema kwa Kiswahili chao cha mashambani:

"Mama, hii dereva nakimbisha sana? Wewe naogopa?"

Mkwe wangu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pale, uso ameelekea kwetu. Ningejibu nini? Nikisema hakukimbia, nimesema uongo, mimi si mtu wa uongo. Nikisema alikimbia, nimemshitaki mkwe mbele ya uso wake, na sijawahi hata kumsalimia. Isitoshe kwa hali niliyokuwa nayo nikifungua mdomo tu, mambo mengine yangefunguka. Nikavuta kanga nikajifunika uso nikageukia ndani.

Akauliza tena. Nikanyamaza. Nilikuwa natetemeka, nakubali. Si kwa hofu. Mmeshaelewa kwa nini.

Yule kijana akamwambia askari wake kitu kwa Kiingereza, akaandika muda mrefu. Akampa mkwe karatasi, leseni yake ya Tanganyika akaitia mfukoni mwake, akasema ataipata kortini Nairobi siku ya nne kuanzia ile. Lori turuhusiwe kulifikisha, basi.

Nilifungua mlango nikateremka pale pale. Sikuuliza mtu. Njia ya pembeni alikuwa anapita mwanamke wa pale, ana kikapu cha kahawa mgongoni kimefungwa na kamba kichwani. Kijiji chao ni vile vilivyojengwa wakati huu wa Hali ya Hatari, nyumba zimepangwa mstari kama magunia, mlinzi getini. Alinitazama mara moja, akaelewa bila kuambiwa.

"Cucu, kuja na mimi," akasema. Cucu ni nyanya kwa lugha yao.

Akamwambia mlinzi maneno makali, mlinzi akasogea, nikapelekwa nilikohitaji kwenda. Nilipotoka nilikuwa mtu mwingine. Ndipo akanikalisha kwenye kigogo, akanipa mahindi na maharagwe ya kuchemsha kwenye kifuniko cha sufuria, hayana mafuta wala chumvi ya kutosha, nikayala yote. Aliitwa Wanjiru. Akaniuliza kwa nini sikumwambia dereva asimame.

Nikamwambia ni mume wa binti yangu.

Akaacha kutafuna. "Ni muthoni yako? Mko wawili tu kwa gari?" Halafu akacheka, lakini si kicheko kibaya. "Kwetu pia iko. Baba yangu aliona mama ya mke yake anakuja kwa njia, akaingia kwa mtaro. Maji ilikuwa hapa," akanionyesha kiunoni. "Akakaa huko mpaka mama akapita. Akashikwa na homa wiki mbili."

Mwanamke wa kabila lingine, amebeba kahawa ya watu, alielewa kwa neno moja. Naliandika hili kwa sababu ya yaliyofuata nyumbani kwa mtoto niliyemzaa mwenyewe.

Loresho

Samweli anakaa kwenye nyumba za watumishi nyuma ya nyumba kubwa, chumba kimoja, na memsahibu wake hapendi wageni. Nilimshika mjukuu wangu. Ni mzito, ana masikio ya marehemu babu yake. Lakini sikumfurahia nilivyotaka kwa sababu Samweli alikuwa amesimama mlangoni anasoma ile karatasi, na uso wake unabadilika.

Ilikuwa na makosa mawili. La kwanza mbio. La pili, yule inspekta alikuwa ameandika kwamba dereva aliendesha kwa namna ya kumhatarisha abiria, mwanamke mzee, ambaye alikuwa na hofu kiasi cha kushindwa kusema.

Nilimwambia anisomee tena. Akasoma tena. Kushindwa kusema. Mimi! Nyinyi mnaonijua, niambieni ni siku gani nilishindwa kusema. Heshima yangu aliiona kwa macho yake akaiandika hofu, na hakuuliza hata askari wake Mwafrika ambaye bila shaka ana mama mkwe mahali.

Jirani ya Samweli, aliyewahi kuwa dereva wa lori, akatuambia kwamba la mbio huwa faini. Hilo la pili ndilo huondoa leseni, mwaka, hata miaka miwili. Nikanyamaza sasa kweli. Leseni ikiondoka, tajiri wa Musoma atampa lori mtu mwingine kesho yake, na Rispa ana watoto watano na wa sita yuko njiani.

Jioni ile kabla ya jua kuzama tulikaa kikao. Mkwe alikaa nje kwenye gogo, mgongo ameupa mlango. Mimi ndani, na pazia limeshushwa. Samweli mlangoni, katikati, kubeba maneno.

Samweli akaanza kwa akili zake za mjini. Akasema tuseme lori lilikimbia kwa sababu samaki walikuwa wanaoza.

"Samaki mkavu anaoza?" nikamwuliza.

Akasema Mzungu hajui. Nikamwuliza hao Wazungu wake anawapikia nini, mawe? Akasema basi mama, lolote, lakini usiende kortini kueleza mambo ya ushamba wa kwetu, habari za kuku na za kujisaidia, watu wananijua hapa, nitaonekanaje. Huyo ni mtoto wangu. Nilimbeba mgongoni kutoka Shirati hadi hospitali mwendo wa siku nzima, na hakuniona mshamba.

Kutoka nje sauti ya mkwe ikaja, ya chini. Alimwambia Samweli amwambie mama kwamba atakubali makosa yote mawili. Afadhali leseni iende kuliko mama kusimama mbele ya watu kwa ajili yake.

Niliona hasira inapanda kutoka miguuni. "Mwambie," nikamwambia Samweli, na nilisema kwa nguvu watu wa nyumba kubwa wakasikia, "mwambie leseni si ya kwake peke yake. Binti yangu anaila. Watoto wanaila. Mwambie heshima yake nimeiona na inatosha, sasa ameanza kunikosea."

Samweli akageuka. "Shemeji, mama anasema..."

"Nimesikia," mkwe akasema. Kisha, "Mwambie nimesikia."

Mjini

Kesho yake nilimwambia Samweli anipeleke kortini kabla ya siku ya kesi, nikafute yale maneno. Tulitembea hadi Westlands, tukapanda basi, tukasimama, maana viti vya mbele havikuwa vyetu. Mjini kuna majengo ya mawe na watu wanaopita bila salamu. Nilisalimia kumi hivi, wakajibu wawili, mmoja wao alikuwa anataka kuniuzia kitana.

Kortini tulisimama dirisha la kwanza mpaka saa sita. Likafungwa, wakaenda kula. Tukaenda River Road tukanywa chai ya rangi na mandazi makavu kwenye hoteli ambayo meza zake zinanata. Nilikunywa nusu kikombe tu. Nilishajifunza.

Tuliporudi karani akasikiliza kidogo, akasema, "Mama, rudi nyumbani upumzike. Kesi si yako. Jina lako halimo."

"Kumeandikwa nini?"

Akatazama. "Kumeandikwa mwanamke mzee."

"Huyo mwanamke mzee ni mimi. Na nasema sikuogopa. Andika."

Akasema yeye haandiki, ameandika polisi, na kilichoandikwa na polisi kinasemwa mbele ya hakimu, hakifutwi dirishani. Kama nataka kusema nije siku yenyewe. Alifikiri amenifukuza. Nikamwuliza saa ngapi.

Mahakamani

Siku ya kesi nilivaa gauni la kanisani na kanga mbili. Tulikaa kwenye mabenchi tangu asubuhi. Walipita walioiba, waliopigana, waliokosa pasi, Wakikuyu wengi waliokosa pasi, wamefungwa pamoja wawili wawili, na hakimu anawamaliza kama mtu anayepepeta mchele. Hakimu alikuwa Mzungu mzee, mwenye miwani, anayekohoa. Mkalimani alikuwa Mmaragoli, mtu mzima, nadhifu, nasikia ni mwimbaji wa kanisa.

Wakaliita jina la mkwe wangu. Nililisikia kila mtu akilitamka kana kwamba ni jina la kitu cha dukani. Akasimama pale kwenye kizimba. Inspekta akasoma yake. Hakimu akamwuliza mkwe kama anakubali, na kabla hajafungua mdomo nikasimama kwenye benchi nikasema nina neno.

Askari akanishika mkono. Nikamwambia aniachie, mimi ndiye mwanamke mzee. Mkalimani akamwambia hakimu, hakimu akashusha miwani, akasema niletwe mbele, niape.

Sasa kizimba cha shahidi pale kinatazamana na kizimba cha mshitakiwa. Wamekijenga hivyo makusudi, watu watazamane macho. Nilipoingia, mkwe wangu akageuka, akanipa mgongo, na kwa kunipa mimi mgongo akampa hakimu pia. Hakimu akagonga meza. Akasema mshitakiwa anadharau korti. Askari wawili wakaja kumgeuza kwa mabega, naye mtu mpole kama yule akashikilia ubao wa kizimba, hageuki. Wangemwongezea kosa la tatu hapo hapo.

Mkalimani akanitazama. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, huyu ni mkweo?"

Nikasema ndiyo. Akavuta pumzi, akamgeukia hakimu, akaeleza kirefu kwa Kiingereza. Korti ikaanza kucheka. Mawakili walicheka, karani wa dirisha alicheka, hata waliofungwa pingu nyuma walicheka. Niliwangoja. Kicheko kikikaa peke yake huchoka.

Hakimu akasema mshitakiwa aachwe alivyo. Akaniuliza kama niliogopa siku ile.

"Sikuogopa. Nilikuwa na haja ya kuteremka tangu Naivasha."

Mkalimani akasimama. "Mama," akasema polepole, "hilo nalo niseme?"

"Sema lote. Ndilo nililokuja nalo."

Akasema. Wakacheka tena. Hakimu akauliza kwa nini nisimwambie dereva. Nikasema hasemezwi. Akauliza, nilimwambia nani basi? Nikasema nilimwambia kuku. Hapo hakimu mwenyewe alitoa kitambaa akajifuta macho, na mimi nilisimama pale na umri wangu, mbele ya mkwe wangu, nikingoja watu wa nchi nyingine wamalize kunicheka. Sijawahi kukasirika vile. Nikasema bila kuulizwa kwamba alikimbia kwa sababu alidhani naumwa, kwamba tangu Kericho hakula kwa ajili yangu, kwamba mbio alikimbia na aadhibiwe kwa mbio. Lakini aliyeandika kwamba nilitishwa aliandika asichokijua, na hakuuliza.

Hakimu akaacha kucheka. Akatazama karatasi zake. "Siku ile ulikataa kujibu kwa sababu mkweo alikuwa hapo. Leo pia yuko hapa, na unajibu."

"Leo kanipa mgongo," nikasema. "Siku ile hamkumpa nafasi."

Mkalimani aliyatafsiri hayo bila kutabasamu. Inspekta kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Hakimu akaandika. Kosa la pili akalifuta. La kwanza faini, na onyo liandikwe nyuma ya leseni, na leseni akarudishiwa. Akamalizia kwa kusema kwamba mzee kama mimi nisafiri kwa treni. Hilo sikulijibu. Nilikuwa nimeshasema ya kutosha kwa siku moja.

Kurudi

Nje mkwe alipita upande wa pili wa barabara, kichwa chini. Samweli alimfuata, akarudi na maneno: anashukuru, na hawezi kunirudisha nyumbani. Baada ya yale niliyoyasema akisikia, hajui ataendeshaje na mimi nimekaa pale. Nipande treni hadi Kisumu, kisha meli.

Nikasema nilikuja na lori lile na nitarudi na lori lile. Mtu wa kukaa katikati ninaye. Samweli akauliza nani. Nikamwambia aende akaombe likizo kwa memsahibu.

Alilalamika hadi Limuru. Nilimwacha alalamike, ndiyo kazi ya ukuta, kusikia pande zote mbili. Mkwe aliendesha taratibu, magari yakatupita yote, hata baiskeli moja yenye mzigo wa makaa. Sikujua kama atawahi kuja tena uani kwangu, na Rispa angeishije kati ya mume aliyeaibika na mama aliyemwaibisha.

Mbele ya Naivasha kuna mto na daraja dogo. Hakuna aliyesema neno, hata kuku hayuko, ameliwa na Dina. Mkwe akapunguza, akasimama kando. Akateremka, akafunga mlango, akaenda upande wake wa mto, mbali, nyuma ya miiba, akakaa huko.

"Mbona tunasimama?" Samweli akauliza. "Gari lina nini?"

"Gari halina kitu," nikamwambia. "Nipishe."

Nikateremka upande wangu. Nilipomaliza nikarudi nikapanda nikafunga mlango kwa nguvu, asikie. Baada ya muda akaja. Alisimama hivyo kila daraja mpaka Shirati, na madaraja ni mengi.

Bado nina hasira. Na yule inspekta, na kicheko cha mawakili, na mwanangu wa samaki wanaooza. Na nyinyi mnaonicheka hapa, nanyi mna fungu lenu la hasira hiyo. Ila siku ya pili baada ya kufika niliita nyumba yote, wanangu, wake zao, mabinti waliokuja, na wakwe nyuma ya ukuta wa jikoni wanakosikia bila kuonekana. Nikasema hivi, na ndiyo amri:

Mama mkwe na mkwe wakiwa gari moja, kila penye maji gari lisimame. Mwanamume ateremke kwanza, upande wake, asirudi mpaka asikie mlango. Asiulizwe mtu kitu. Asiye na haja na atazame mto.